Uchambuzi wa kisa: seremala wa Alabama, ekari 80 na sehemu moja ya arobaini

Kisa hiki ni cha nani

Mwenye kisa ni mwanamume mweusi aliyezaliwa utumwani mwanzoni mwa miaka ya 1830, akafariki mwanzoni mwa karne ya 20 katika kaunti moja ya Alabama, kusini mwa Marekani. Alikuwa mkulima na seremala. Mke wangu ni kilembwe wake. Jina lake, la kaunti, la kanisa na ya watoto wake nimeyaondoa kwa ombi la wazee wa ukoo. Humu nitamwita Fundi. Miaka na hesabu nimeziacha kama zilivyo kwenye nyaraka.

Koo nyingi za watu weusi wa Kusini zina simulizi moja: tulikuwa na shamba, tukaporwa. Ukiuliza tuliporwa vipi, mara nyingi utaambiwa mahakama iliungua na hati zikateketea. Kwa Fundi hakuna moto wowote. Madaftari yapo, yameshonwa na kupewa namba, na yanaonyesha shamba lilivyoingia mikononi mwake na lilivyotoka mikononi mwa wanawe. Kisa ambacho kina nyaraka za pande zote mbili hupatikana kwa nadra.

Usuli: mtu asiye na jina kwenye karatasi

Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi tu. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wote kwa majina, na anayetafuta wahenga wake hukwama hapo. Fundi yumo kwenye sensa hiyo: umri miaka 38, kazaliwa Georgia, kazi seremala. Miaka kumi baadaye umri wake umeandikwa 45. Tofauti za namna hii zisimtie mtu wasiwasi. Karani aliandika alichoambiwa, pengine na jirani.

Tatizo lilikuwa jina la ukoo. Hakuchukua la bwana wake wa mwisho, alichukua la yule wa kwanza aliyemleta kutoka Georgia akiwa mtoto, kwa hiyo tukimtafuta kwa jina lake hatumpati popote kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865. Kilichotufungulia njia ni benki. Mwaka 1865 ilianzishwa Freedman's Savings, benki ya kuweka akiba za walioachwa huru, na makarani wake walikuwa wakimwandika mteja pamoja na wazazi, ndugu, na pengine aliyekuwa bwana wake. Fundi alifungua akaunti humo. Fomu yake inamtaja mama yake, kaka mmoja aliyeuzwa Mississippi, na familia iliyomiliki wote watatu. Tangu hapo tulijua tufungue mafaili ya mirathi ya nani.

Bwana wa familia hiyo alikufa 1857. Orodha ya mali ya marehemu ina farasi, vitanda, mitungi ya mafuta, na watu 31. Fundi ameandikwa kwa jina moja, kwa neno "seremala", na kwa bei: dola 1,500. Wanaume wa rika lake waliokuwa wakilima wameandikiwa kati ya 900 na 1,000. Mstari wa chini yake ni sanduku la vifaa vya useremala, dola 22. Sanduku halikuwa lake, kama ambavyo yeye mwenyewe hakuwa wake.

Baada ya hapo mjane wa marehemu alimkodisha. Kusini nzima siku ya kukodisha watumwa ilikuwa mwaka mpya: watu walipelekwa mjini, wenye shida ya nguvu kazi wakatoa bei, na ujira ukaenda kwa mwenye mali. Wazee wanasimulia kwamba wakati wa vita Fundi alichukuliwa pamoja na mamia ya wengine kujenga ngome za kuulinda mji wa bandari wa Mobile. Jina lake hatukuliona kwenye karatasi, lakini ni kweli kwamba Alabama ilikusanya watumwa kwa nguvu kwa kazi hiyo.

Matukio na maamuzi

*Mkataba wa 1866.* Utumwa ulipokoma, mashamba yalikuwa ya walewale na njaa ilikuwa ya walewale. Idara ya serikali kuu ya kuwahudumia walioachwa huru, iliyoundwa Machi 1865, iliwataka waliobaki mashambani waandikiane mikataba na wenye mashamba. Fundi aliingia mkataba na mtoto wa bwana wake wa zamani, kuanzia Januari mosi hadi Krismasi, kwa theluthi moja ya pamba na mahindi.

Ni karatasi moja yenye vifungu saba. Sita ni vya kawaida na vinafanana na vya majirani wote: atakuwa mtiifu, atatunza wanyama, atakatwa siku akikosa kazini. Kifungu cha tano kiko kwake peke yake kati ya mikataba yote ya shamba lile tuliyoiona. Kinasema kazi yoyote ya mbao, hata akiifanya kwa mwenye shamba, haimo katika mkataba na italipwa mbali, dola moja kwa siku. Chini kuna alama ya msalaba pamoja na mashahidi wawili. Hakujua kusoma wala kuandika, ila alijua mwenye shamba anahitaji nini: mabanda yalikuwa yameoza miaka minne ya vita bila fundi. Sentensi ile, kwa maoni yangu, ndiyo iliyozaa kila kilichofuata.

*Ardhi ya serikali aliyoiacha.* Juni 1866 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugawa ardhi ya umma katika majimbo matano ya Kusini, Alabama ikiwemo, ekari 80 kwa familia. Hadi mwisho wa mwaka huo nafasi ilikuwa ya weusi na ya wazungu ambao hawakuiasi serikali kuu. Kwenye karatasi ni neema. Lakini aliyekwisha kufunga mkataba hadi Krismasi angeondoka vipi Agosti bila kupoteza mazao yote? Isitoshe, ardhi iliyobaki ilikuwa zaidi misitu ya misonobari kwenye kichanga, mbali na ofisi ya ardhi na mbali na wateja wa useremala. Fundi hakuomba. Sheria ilifutwa 1876, na waliofanikiwa kuipata hati walikuwa wachache.

*Baghala kwanza, ardhi baadaye.* Fedha za mbao hazikwenda kwenye nguo wala nyumba. Alinunua baghala, mnyama wa kulimia aliyezaliwa na punda na farasi. Huenda msomaji akauliza kuna ukubwa gani hapo. Mlimaji asiye na mnyama wala jembe alipewa vyote na mwenye shamba, akatoa nusu ya mazao. Mwenye baghala lake alitoa robo ya pamba na theluthi ya mahindi, au alikodi shamba kwa kiasi maalumu akalima apendavyo. Kuanzia 1868 Fundi alikodi: marobota mawili ya pamba kwa mwaka, mvua inyeshe isinyeshe.

Halafu kuna duka. Wenzake wengi walichukua chakula, mbegu na viatu mali kauli tangu Machi, wakiweka rehani mazao ambayo hayajaota. Bei ya mkopo ilikuwa kubwa kuliko ya taslimu, riba ikaongezwa juu yake, na mwenye duka alitaka walime pamba kwa sababu pamba haiibiwi ikaliwa. Desemba hesabu ikifanywa, mtu anajikuta anadaiwa na hawezi kuhama. Fundi alinunua unga kwa fedha ya majeneza na milango. Kwenye daftari la rehani za mazao la kaunti, jina lake halimo hata mara moja kwa miaka 25 ya mwanzo.

*Benki kufilisika.* Juni 1874 Freedman's Savings ilifunga milango, miezi tisa baada ya mtikisiko wa fedha wa 1873. Zaidi ya wateja 61,000 walikuwa wakiidai karibu dola milioni 3. Fundi alikuwa na dola 64 humo. Wateja wengi waliamini serikali inaidhamini benki, na benki haikuwa na haraka ya kuwatoa kwenye imani hiyo. Haikuwa na dhamana. Baadaye baadhi walilipwa sehemu ya madai, wengi hawakuona kitu, na Fundi hatuoni kama alilipwa. Hakuweka fedha benki tena.

*Kununua, 1876.* Muuzaji alikuwa mzungu mwenye mashamba aliyezama kwenye madeni. Ekari 80 za mteremko, udongo mwepesi, kisima hakuna, dola 4 kwa ekari: jumla 320. Fundi alitoa 100 taslimu. 90 zilihesabiwa kwa kazi: amjengee nyumba ya kuchambulia pamba. 130 zilizobaki alipe Desemba mbili mfululizo.

Makubaliano ya ujenzi yaliandikishwa pamoja na ya ardhi, na hapo ndipo tunapomsikia seremala. Nyumba za namna ile ziliinuliwa juu ya nguzo, mashine ghorofani na mabaghala wakizunguka chini kuiendesha, hivyo jengo zima hutikisika msimu mzima. Karatasi inataka nguzo za mwaloni uliokauka, boriti ziunganishwe kwa ulimi na tundu na kufungwa kwa vigingi vya mbao, misumari itumike kwenye mapaa peke yake. Mteja hawezi kutunga hayo; ni maneno ya mtu anayejua kwamba msumari hulegea kwenye mtikisiko na kigingi hukaza. Alikwenda kwa karani akayasema, karani akaandika.

Alimaliza deni Desemba 1878. Hati iliandikishwa mahakamani Januari iliyofuata, bila kuchelewa, na kwa mtu aliyeunguzwa na benki naona hilo si bahati mbaya.

*Miaka ya mahindi.* Sensa ya kilimo ya 1880 inamwonyesha hivi: ekari 35 zinalimwa, 43 ni msitu, 2 ni uwanja, baghala mmoja, ng'ombe wa maziwa wawili, nguruwe 11, mahindi busheli (kipimo cha ujazo) 150, viazi vitamu busheli 60, pamba marobota 4. Majirani kadhaa kwenye ukurasa huohuo wana pamba nyingi kuliko yeye, mahindi kidogo, na nguruwe hakuna. Hao ndio waliokula dukani.

*Hati ya kanisa, 1884.* Alikata ekari 2 za pembeni barabarani, akajenga kanisa lililotumika pia kama shule, kisha akaziandikisha kwa wadhamini watano "na watakaowarithi katika nafasi hizo". Naomba msomaji aishike hati hii, tutairudia.

*Rehani moja tu.* Robota la ratili 500 lililoleta kama dola 50 katikati ya miaka ya 1870 halikufikisha 25 mwaka 1894, bei ilipoanguka chini ya senti 5 kwa ratili. Mwaka 1893 Fundi alikuwa amekopa kwa mara ya kwanza dukani. Aliweka rehani mazao, mkokoteni na baghala. Ardhi hakuiweka, ingawa angepata mkopo mkubwa zaidi na riba nafuu. Akiwa na miaka sitini na kitu alirudi kupaua nyumba za watu, na mwaka 1896 karani akaandika pembeni mwa rehani kwamba imelipwa yote. Sensa ya 1900 ina herufi tatu kwenye mstari wake, na maana yake ni hii: analimiliki, halina rehani, ni shamba.

Matokeo

Alifariki kati ya sensa hiyo na 1903, mwaka ambao kodi ya ardhi ilianza kulipwa na mwanawe mdogo. Cheti cha kifo hakuna. Alabama ilianza kuandikisha vifo kwa jimbo zima 1908. Wosia hakuacha. Mjane alibaki shambani hadi alipofariki 1911, na hakuna aliyefungua mirathi mahakamani, kwa hiyo hati ikaendelea kusoma jina la marehemu.

Kisheria watoto wanane wakawa wamiliki wa pamoja wa ekari 78, kila mmoja akiwa na sehemu moja ya nane ya kila shubiri ya udongo, na hakuna aliyekuwa na kipande cha kuonyesha kwa kidole. Wawili walikwenda Birmingham, hukohuko Alabama, kwenye migodi na chuma, watatu wakafuata treni hadi Chicago na Detroit. Mdogo alibaki, akalima, akapambana na mdudu wa pamba aliyeingia Alabama karibu 1910, akalipa kodi kila mwaka.

Mmoja wa wanane alifariki akaacha watoto watano. Kila mmoja wao, basi, alikuwa na moja ya arobaini: hazifiki ekari mbili. Mwaka 1936 mjukuu mmoja aliyekuwa Detroit aliuza sehemu yake kwa mfanyabiashara wa mbao wa kaunti ile. Mwaka uliofuata mfanyabiashara huyo, sasa mmiliki mwenza kama wengine, alifungua shauri akitaka shamba ligawanywe au liuzwe. Warithi wa kaskazini waliitwa kwa tangazo kwenye gazeti la wiki la kaunti, ambalo Chicago halikufika. Hakimu aliamua shamba haliwezi kugawanywa kwa haki kati ya watu wengi kiasi kile. Likanadiwa kwenye ngazi za mahakama na akalinunua yeye mwenyewe kwa dola 470. Gharama na wakili zikachukua 110. Kwa 360 zilizobaki, mtoto mdogo, aliyelipa kodi miaka zaidi ya thelathini, alipata 45.

Mwaka uliofuata mnunuzi aliandikisha mkataba wa kuuza misonobari peke yake kwa dola 900, ardhi ikabaki yake.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kutenganisha ufundi na kilimo. Mkulima wa pamba alikuwa na mapato mara moja kwa mwaka, na aliyemkopesha alijua. Kilichompa Fundi nguvu ni fedha ndogo zilizoingia Aprili na Julai, miezi ambayo wenzake walikuwa dukani. Wapo wanaosimulia watu kama yeye kama mashujaa wa kubana matumizi. Sikubaliani. Majirani walibana vilevile; walichokosa ni kitu cha kuuza kabla ya mavuno.

Mpangilio wa ununuzi nao ulikuwa sahihi: mnyama kabla ya ardhi, na mahindi kabla ya pamba. Uamuzi wa kuiacha ardhi ya serikali unabishaniwa sana ukooni, na vijana husema alikataa ekari 80 za bure akaja kulipia 80 nyingine. Mimi naona bila baghala wala akiba angeshindwa miaka mitano ya kukaa na kulima ambayo sheria ilidai kabla ya kutoa hati.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Benki siiweki kwenye makosa yake. Aliamini kilichoaminiwa na maelfu. Pengo ni mirathi, na hapa hati ya 1884 inasumbua. Mtu yuleyule, kwa karani yuleyule, alijua namna ya kufunga ardhi isiuzwe na mtu mmoja: wadhamini wenye majina na utaratibu wa kurithiana. Kanisa lipo hadi leo juu ya ekari zake 2. Kwa nini hakufanya hivyo kwa ekari 78?

Wazee wanasema kuandika wosia kulionekana kama kujichimbia kaburi. Inawezekana. Mimi natazama pia ile orodha ya 1857. Mirathi ya mahakamani aliyoifahamu ndiyo iliyompachika bei kati ya vitanda na mitungi, na baada ya katiba ya jimbo ya 1901, iliyowaondoa karibu wapiga kura wote weusi, jengo lile halikuwa mahali pa kupeleka shida zako. Kuacha ardhi kwa "watoto wote" bila karatasi kulionekana salama kuliko kumwachia hakimu.

Hata hivyo wosia mtupu usingeokoa kitu. Kama angeandika tu kwamba shamba ni la watoto wake kwa usawa, angezalisha umiliki uleule wa pamoja na mlango uleule wa 1937. Kilichohitajika ni kuligawa akiwa hai, kwa mipaka iliyopimwa, au kuliweka chini ya wadhamini kama la kanisa. Nafasi ya pili ilikuwa 1911, ndugu wote wakiwa hai na wengi wao bado wakiwa kaunti: wangeweza kumhamishia mdogo wao kwa hati moja na malipo kidogo kidogo. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kumtaka ndugu yako saini ilikuwa kama kumshuku.

Sheria imebadilika. Mwaka 2014 Alabama ilipitisha sheria inayofuata mfano uliotolewa 2010 kwa majimbo yote: anayetaka ardhi ya urithi iuzwe lazima thamani yake ipimwe kwanza, na wenzake wapewe nafasi ya kuinunua sehemu yake kabla ya mnada. Kwa sheria hiyo, mtoto mdogo angemlipa mfanyabiashara thamani ya moja ya arobaini na kubaki na shamba.

Kuhusu mjukuu wa Detroit

Kwenye mikutano ya ukoo lawama zote humwangukia yeye. Nyaraka haziungi mkono jambo hilo. Hati aliyosaini 1936 haitaji ukubwa wa shamba, haitaji msitu, na inasema anauza "haki yoyote aliyo nayo, kama anayo". Alizaliwa kaskazini na hakuwahi kuiona ardhi yenyewe. Alilipwa dola 20. Ndugu zake wanne, ambao hawakuuza, walipewa na mahakama dola 9 kila mmoja.